Kilipasuka lini? Kisa cha vyungu vyangu vya udongo wa Chekereni

Naanza na ule usiku maana ndo kiini cha kisa chote. Katikati ya Machi, masika ndo yameanza kugonga bati huku Pasua, mtaa wa Moshi, umeme umekatika, nimekaa sebuleni nasubiri urudi, mara nasikia kwenye shelfu "tik". Nikajua mjusi. Kama dakika kumi hivi tena, "tik", na safari hii kuna kitu kimedondoka sakafuni. Nikawasha tochi ya simu. Chini ya shelfu kuna kigamba chekundu cha duara, saizi ya kifungo cha shati, upande wa nje laini kabisa, ule niliousugua na kokoto la mtoni mpaka ukang'aa, upande wa ndani umebinuka kama dengu iliyopasuliwa. Nikainua tochi. Kwenye tumbo la chungu changu kikubwa, kile ambacho nilishautangazia ukoo mzima kwamba nitapikia kiburu (ndizi na maharage) siku ya Pasaka, kuna kishimo. Na kitakoni mwa kile kishimo kidoa cheupe kama punje ya ulezi.

Najua, mtu anayekaa Pasua akilalamika vyungu vinapasuka anajitakia mwenyewe. Waifu ameutumia huo utani mpaka umechuja.

Kilichonivuruga akili ni kwamba hiki chungu kilishamaliza mitihani yote. Kilikauka bila ufa, kiliingia motoni kikatoka mzima, ukikigonga na kucha kinalia ngiii kama kengele ya baiskeli, na kilikuwa kina siku tisa tangu kitoke kwenye moto, kimekaa tu, hakuna aliyekigusa wala kukitia maji. Sasa kitu kimekaa tu kinapasukaje?

Turudi nyuma kidogo. Mimi sio mfinyanzi, nina kiduka cha madaftari na fotokopi, ila nimekulia Kibosho na nakumbuka bibi mzaa baba akipika kiburu kwenye chungu, na mtu aliyekula ndizi na maharage yaliyolala kwenye chungu juu ya mafiga hawezi kukubishia kwamba sufuria inatudanganya. Vyungu vyenyewe bibi alikuwa ananunua, vilikuwa vinatoka Upareni, akina mama wa Usangi ndo mafundi wa hiyo kazi. Mimi sasa badala ya kwenda sokoni kununua kama binadamu wa kawaida nikaangalia video mbili tatu za watu wanachimba udongo porini, wanafinyanga kwa mkono, wanachoma kwa kuni, hakuna tanuri hakuna mashine, nikasema hii kitu mbona rahisi.

Udongo niliutoa kule chini, ukishapita mashamba ya mpunga ya Chekereni, kwa vijana wanaochoma tofali. Mantiki yangu ilikuwa kama udongo unashika tofali utashika na chungu. Ni ile mbuga nyeusi, kiangazi inachanika nyufa unaingiza mkono mpaka kiwiko, mvua ikinyesha inakamata tairi ya bodaboda mpaka dereva anashuka kuikwangua na kijiti. Vijana wakanijazia salfeti mbili, nikawaachia hela ya soda, nikapiga na picha za tanuri lao na tofali zilizopangwa, za kujisifia tu.

Awamu ya kwanza, mwisho wa Januari, haikufika hata kwenye moto. Nilikanda udongo kama unga wa chapati, nikalaza kitako ndani ya bakuli kuukuu, nikapandisha ukuta kwa kuviringisha udongo kama nyoka na kuuzungusha, nyoka juu ya nyoka, huku nasiliba viungo kwa kidole gumba. Vyungu vinne. Jua la Januari la Moshi mnalijua. Kesho yake viwili vina ufa wa kutoka mdomoni mpaka kitakoni, keshokutwa vyote vinne. Hapo angalau nilifanya kitu cha maana kidogo, nikafanya kibamba cha udongo huohuo, nikachora juu yake mstari wa sentimita 10 kwa rula, nikakiacha kivulini kikauke, nikapima tena. Sentimita 8.6. Yaani umenywea asilimia 14 kwa urefu wakati udongo wa vyungu wa kawaida unanywea kama 5 mpaka 8. Ndo tabia ya mbuga, chembe zake zina tabaka zinazoingiza maji katikati na kuvimba, maji yakitoka zinasinyaa, kinachochana shamba ndo hichohicho kilichochana vyungu. Dawa yake ni kuuchanganyia kitu ambacho hakinywei. Nikachukua vipande vya tofali la kuchoma vilivyobaki nyuma ya nyumba tangu tunajenga, nikavitwanga kwenye kinu (kinu hicho sasa hivi kimehamishwa jikoni rasmi, hakitwangi tena kisamvu), kopo moja la unga wa tofali kwa makopo mawili ya udongo, na mchanga wa mto Karanga kidogo. Kibamba cha mchanganyiko kikatoka 9.3. Ufa kwaheri.

Awamu ya pili ililipuka. Siku nne za kukausha, nikaona imetosha, nikavipanga nikawasha kuni moja kwa moja, dakika kumi hazijaisha, pu! pu! kuku wa jirani wanakimbia, kipande kimeruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Hiyo wala haihitaji uchunguzi, ni maji tu. Chungu kikionekana kikavu nje ndani ya ukuta bado kina unyevu, ukifika nyuzi 100 unageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya yale maji, hiyo nafasi haipo, basi unaitengeneza wenyewe. Siku hizi nakiweka shavuni kabla, kikiwa cha baridi shavuni bado kina maji. Kilichopona ni kikombe kimoja kidogo kilichokuwa pembeni kabisa ya moto, hakikuiva vizuri, ukikigonga kinasema kop kama ubao. Nikakiweka dirishani dukani cha kuwekea kalamu.

Awamu ya tatu sasa ndo hii. Nilikausha siku kumi, nikapima na shavu, nikaviweka karibu na moto mdogo saa mbili nzima nikivigeuza kama mahindi ya kuchoma, afu nikavifunika kifudifudi juu ya vigae, kuni juu. Ningeishia hapo huenda kisa hiki kisingekuwepo. Ila sifa bwana. Jirani ni fundi wa kuchomelea na ana feni ya kupulizia mkaa, nikajenga duara la tofali, nikamwaga karibu gunia la mkaa, nikapuliza. Giza lilipoingia vyungu vilikuwa vinawaka rangi ya chungwa, unaona mpaka alama za vidole kwenye ukuta. Nilisimama pale kama mangi, chifu wa Kichaga, anayekagua kihamba chake. Asubuhi vyungu vitatu, vyekundu, vinalia ngiii.

Na siku ya tisa, tik.

Mpaka wiki ile inaisha chungu kikubwa kilikuwa kimetema vigamba 23, cha kati 11, kidogo 14. Nilikuwa navihesabu kila asubuhi na kuvitia kwenye kopo la blubendi. Kila kigamba umbo lilelile, na kila shimo lina kidoa cheupe kitakoni, hakuna shimo lisilo na kidoa. Nilikiona hicho kidoa kila siku na bado sikukizingatia, nikadhani ni majivu yameingia.

Ushauri haukukosekana. Fundi wa kuchomelea akasema moto ulizidi. Mwingine akasema umefunua mapema, upepo wa usiku umekipiga kikiwa cha moto. Kuna mzee akasema ni huu unyevu wa masika, mwingine akasema ulichimba bila kuaga wenye ardhi. Hilo la mwisho siliwezi, ila haya mengine niliyabeba moja moja. La kupoa haraka lilikuwa la maana maana kweli chungu kikipoa ghafla kinapasuka, mchanga mwingi una yale madini ya kwatzi ambayo ikipita nyuzi 573 inabadilika ujazo ghafla, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Lakini ufa wa kupoa ni mstari mrefu na unatokea palepale kinapopoa, unausikia ping siku hiyohiyo. Kwa kawaida hausubiri siku tisa, na hautoi vigamba vya duara. Nikakwama.

Jirani wa nyumba ya tatu mama yake mzazi alikuwa amekuja kutoka Usangi kwa ajili ya matibabu ya macho, na nikasikia huyo bibi alifinyanga miaka mingi kabla mikono haijaanza kuuma. Nikabeba chungu kikubwa, kopo la vigamba na bonge la udongo mbichi nikaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndo mwanaume unayefinyanga?"

"Najaribu bibi."

"Kwetu akina mama wangekufukuza shimoni." Akacheka mwenyewe. Akakipapasa chungu, macho hayaoni vizuri lakini vidole vilikuwa vinaona, kila shimo akaliingiza ncha ya kidole. "Kilipasuka lini?"

Nikaanza hadithi, bibi nilichoma hivi, kuni hivi, mkaa, feni. Akanisubiri nimalize.

"Sijakuuliza ulichomaje. Kilipasuka lini? Kikiwa kibichi, kikiwa motoni, ama kikiwa kimekaa?"

"Kikiwa kimekaa bibi. Siku ya tisa."

"Basi usiusingizie moto. Lete udongo."

Akamega kidogo, akaweka kwenye meno ya mbele, akatafuna polepole kama anaonja chumvi ya mboga. Akamega tena sehemu nyingine. Mara ya tatu akasimamisha taya, akatema kiganjani, akanisogezea. Kijiwe, saizi ya mtama, akakipangusa na kanga kikawa cheupe. "Hiki hapa. Haya yanalala motoni, yakinusa maji yanaamka. Sisi tukiyakuta tunahama shimo."

Yaani mimi nimechekecha unga wa tofali, nimechekecha mchanga, udongo wenyewe sikuuchekecha, nilitoa mizizi tu nikaona uko safi.

Bibi hakunieleza kwa nini yanaamka. Aliyenieleza ni fundi ujenzi anayenifanyia ukarabati wa duka, nikamwonyesha kigamba akasema bila hata kufikiri, "hiyo si chokaa? Chungu chako kina vipele." Kumbe wao wanalijua siku nyingi. Chokaa mbichi ikitoka tanuri inabidi izimwe kwanza, unaimwagia maji inachemka, inavimba, inageuka unga, na ukikosea ukapiga lipu na chokaa ambayo haijazimika vizuri basi ukuta ukishakauka unaanza kutoa vipele, vinabanduka vya duara na katikati kuna punje nyeupe. Kule pwani ambako wanachoma matumbawe kupata chokaa hili jambo hata mtoto analijua. Mimi nimelijua kwa vyungu vitatu.

Sasa ukiunganisha, mambo yote ya ajabu ya kile kisa yanajibiwa na kijiwe kimoja. Jiwe la chokaa likichomwa, kuanzia nyuzi mia saba na kitu na kwa kasi zaidi ukienda 850 na kuendelea, linatoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa mbichi. Gramu 100 za jiwe zinabaki 56. Kwa hiyo motoni halisukumi kitu, linakuwa jepesi tu na lina vinyweleo, ndo maana chungu kinatoka kinacheka. Kikishapoa ndo kazi inaanza, ile chokaa ina kiu, inavuta unyevu wa hewani kupitia ukuta wa chungu maana chungu cha moto wa kuni kinapitisha hewa na maji kama kawaida, na inavyozimika ujazo wake unakuwa karibu mara mbili. Imebanwa pande zote na udongo ulioiva ambao haunyumbuki. Inatafuta upande mwembamba, ule ulio karibu na uso wa chungu, inabandua kigamba. Kiangazi hewa kavu ingechukua wiki nyingi labda, masika ikachukua siku tisa. Kwa hiyo mzee wa unyevu hakukosea kabisa, ila unyevu ulikuwa kiberiti tu, petroli ilikuwa ndani.

Nilitaka ushahidi wangu mwenyewe maana sasa nilishakuwa na wazee wawili wanaosema kitu kimoja na bado nina ubishi. Nikanunua limao. Asidi ikikutana na jiwe la chokaa inatoa povu, hiyo ya shule ya msingi kabisa. Nikapanga kwenye sahani mchanga wa Karanga, unga wa tofali, udongo wa Chekereni mkavu, na udongo mwekundu nilioagiza kwa kaka yangu Kibosho. Nikakamulia. Mchanga kimya. Tofali kimya. Udongo wa Kibosho kimya. Wa Chekereni sehemu kubwa kimya, afu ghafla mahali pamoja panachemka kama soda, na pengine tena, na pengine, madoa madoa. Nilivyoinama karibu na sikio nikasikia hata kile kisauti, shiii.

Halafu nikakumbuka kikombe cha kalamu. Udongo uleule, kina mwezi mzima dirishani na hakijatema hata kigamba kimoja. Hapo nikaanza kutetereka maana kama ni vijiwe na kikombe si kinavyo? Kiliniuma lakini nikakivunja. Viwili vilikuwemo kwenye ukuta, vyeupe, vigumu, nikakamulia limao vikachemka. Nikachukua kidoa cheupe kutoka shimo la chungu kikubwa, hicho ukikigusa na sindano ni unga laini, nikakamulia limao, kikayeyuka kimyakimya, povu karibu hakuna. Hapa ndo niliposalimu amri. Cha kwenye kikombe bado ni jiwe, moto wa pembeni haukufika kulivunja, halina kiu. Cha kwenye chungu kimeshachomwa na kimeshazimwa, hewa yake ilishatoka kitambo. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea naye alikuwa na kipande cha ukweli, bila ile feni yangu vile vijiwe vingeendelea kulala. Ila kusema moto ulizidi ni kuukosea moto, maana kikombe kilichookolewa na moto mdogo kilikuwa laini hadi kucha inakichora, hata chai ingekilowesha kikawa tope polepole. Moto ulikuwa sawa, udongo ndo haukuwa na ruhusa ya kwenda huko.

Na zile picha. Usiku mmoja napitia simu nikafungua picha za tofali za wale vijana, nikakuza na vidole. Tofali ya mbele kabisa ina mashimo ya duara kama imeugua tetekuwanga, na kila shimo lina kidoa cheupe. Ushahidi nilikuwa nao mfukoni tangu siku ya kwanza. Kwa tofali haina shida kubwa, ukuta ni mnene, kigamba kikitoka fundi anapiga lipu juu, maisha yanaendelea. Kwa chungu chenye ukuta wa nusu sentimita kigamba kimoja ni robo ya ukuta.

Kuhusu kwa nini chini kuwe na vijiwe na Kibosho kusiwe navyo, sababu kubwa ni mvua. Mlimani inanyesha sana, maji yanaosha chokaa na kuishusha nayo, ukifika tambarare za kuelekea Kahe mvua ni chache na jua linanyonya, maji yanapanda na kukauka, chokaa inabaki nyuma na kujikusanya vijiwe vijiwe ndani ya mbuga. Kwa hiyo ukichimba udongo kwenye tambarare kavu yoyote, limao kwanza.

Nikaja kwenye swali la kipi kinafanya kazi. Vibamba kumi na viwili, vitatu vitatu. Vya kwanza udongo kama ulivyo. Vya pili udongo ulioloweshwa ukawa uji, ukapitishwa kwenye chandarua kikuukuu. Vya tatu ukapitishwa chandarua afu stokingi ya nailoni. Vya nne kama vya kwanza ila vikachomwa kwa samadi kavu na pumba za mpunga, moto wa taratibu unaofukuta bila feni, vingine vyote mkaa na feni. Badala ya kusubiri siku tisa nikavichemsha kwenye sufuria nusu saa, mvuke na maji ya moto vinaiharakisha chokaa, unapata majibu jioni hiyohiyo. Vya kwanza vyote vitatu vilitema, kimoja kilikatika vipande viwili ndani ya sufuria. Vya chandarua kimoja kati ya vitatu kilitoa kigamba kidogo. Vya stokingi hakuna kitu. Vya samadi hakuna kitu, ila unavichora na sarafu.

Cha stokingi ndo cha kuelewa vizuri, maana chokaa haikutoka yote, ukikamulia limao unasikia shiii ndogo kila mahali. Iliyobaki ni vumbi, na punje ya vumbi ikivimba mara mbili haina nguvu ya kusukuma chochote, kinachobandua hasa ni kijiwe cha kama milimita moja na zaidi. Kwa hiyo huna haja ya kuimaliza chokaa, unahitaji iwe ndogo. Vilevile kuna njia ya viwanda vya tofali, wanazilowesha zikishatoka tanuri ili chokaa izimike na maji mengi igeuke uji badala ya kuvimba ikiwa unga mkavu. Nikakitumbukiza chungu cha kati kwenye ndoo usiku kucha, kikatema sita zaidi kikatulia, lakini mpaka hapo kilikuwa kimebaki kama chujio, hiyo dawa ni ya siku ya kwanza sio ya wiki ya tatu.

Nisidanganye, kuchuja kwa stokingi ni adhabu. Wikiendi mbili nzima kwa robo salfeti, na ukimaliza una ndoo ya uji mweusi ambao hautaki kukauka. Niliumimina kwenye suruali ya jinzi kuukuu niliyoifunga miguu, nikaitundika kwenye mparachichi ichuruzike, na mama mmoja alipita njia asubuhi na mapema akaona miguu miwili inaning'inia mtini akapiga kelele mtaa mzima ukatoka. Ndo maana namwelewa bibi, wao hawachuji, wanahama shimo. Ukiwa na mguu na jembe kuhama ni rahisi kuliko kuchuja. Udongo wa Kibosho niliujaribu peke yake, hauna chokaa lakini hauna utelezi pia, ukiviringisha nyoka ukamkunja anakatika mgongo. Nikaishia nusu kwa nusu, mwekundu wa Kibosho na mweusi uliochujwa, na theluthi moja ya unga wa tofali.

Pasaka kiburu kilipikwa kwenye sufuria, na shemeji zangu hawakuniacha salama. Chungu kipya kilichomwa mwisho wa Mei mvua zilipopungua, kuni na mkaa kidogo, feni nikairudisha kwa mwenyewe. Nilikilowesha siku ileile kilipopoa, nikakichemshia uji mwembamba wa mahindi usiku mzima ili wanga uzibe vinyweleo, kikavuja jasho kidogo siku mbili kikaacha. Nilimpelekea bibi akipapase kabla hajarudi Usangi. Akakigonga, akasikiliza, akasema mdomo umepinda. Kweli umepinda. Siku ya kumi na mbili kikatoa kigamba kimoja karibu na kitako, kidogo kama yai la chawa, na tangu hapo kimya, na kiburu kimeshapikwa humo mara nne.

Salfeti ya pili bado iko nyuma ya nyumba, sijaichuja na sitaichuja. Kijana wangu wa darasa la pili ameigeuza zizi, anafinyanga ng'ombe, mbuzi, na kitu anachosema ni Fuso, anavianika juu ya tangi la maji. Juzi akaniuliza, "Baba, tuvichome viwe vigumu kama chungu?" Nikamwambia hao ng'ombe wabaki hivohivo wabichi, na mvua ikija awaingize ndani.